Peter Medawar: Ng'ombe Pacha Waliomkatalia Jibu Lake

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaijua hofu hii: umeandika dhana yako kwenye pendekezo la utafiti, umekwenda uwandani, data zimerudi zinasema kinyume. Wengine hapo huanza kutafuta namna ya kuzinyoosha. Peter Medawar alipatwa na jambo hilo hilo akiwa tayari profesa, na ndilo lililomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel.

Alizaliwa Brazil mwaka 1915, baba Mlebanoni, mama Mwingereza, akasomea Uingereza. Pale Oxford alisoma zuolojia. Kazi yake ya shahada ya uzamivu ilipitishwa, lakini shahada yenyewe hakuichukua; kulikuwa na ada ya kulipa, na hela ilitakiwa kwa upasuaji wa kidole tumbo. Sisi tunaosubiri bumu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Vita ikambadilishia njia. Mwaka 1940 ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake, askari mmoja akaungua vibaya, na daktari akamwomba Medawar asaidie kufikiri. Ilijulikana kwamba ngozi ya mtu mwingine ukimpandikizia mgonjwa hushika siku chache halafu inakufa. Kwa nini? Alikwenda Glasgow kufanya kazi na daktari wa upasuaji Thomas Gibson. Mgonjwa wao alikuwa mwanamke aliyeungua, na viraka vya ngozi vilitoka kwa kaka yake. Vya kwanza vikakataliwa. Vya pili, kutoka kwa kaka huyo huyo, vikakataliwa haraka zaidi. Yaani mwili ulikuwa unakumbuka, kama unavyokumbuka ugonjwa uliokwisha kuupata. Basi tatizo halikuwa mkono wa daktari, lilikuwa kinga ya mwili yenyewe. Akarudi Oxford kulithibitisha kwa sungura.

Sasa hao ng'ombe. Mwaka 1948, kwenye mkutano Stockholm, mtafiti wa mifugo Hugh Donald alimuuliza atatofautishaje ng'ombe pacha wa kufanana na wasiofanana. Medawar akaona ni rahisi: hamisha ngozi, wanaofanana watapokea, wengine watakataa. Yeye na mwenzake Rupert Billingham wakaenda zizini. Karibu wote wakapokea! Hata pacha dume na jike, ambao hakuna namna wawe wa kufanana.

Angeweza kusema kipimo kimeharibika, akaenda zake. Badala yake walitafuta sababu, wakaikuta kwenye kazi ya Mmarekani Ray Owen ya mwaka 1945: ng'ombe pacha huchangia damu wakiwa tumboni, kwa sababu kondo zao za nyuma huungana. Mwili unajifunza kipi ni changu na kipi cha mgeni, na mgeni aliyefika mapema anahesabiwa mwenyeji. Macfarlane Burnet wa Australia naye alikuwa ameliwaza jambo hilo kinadharia.

Walipohamia London, Leslie Brent akajiunga nao. Waliwadunga panya walio bado tumboni seli za panya wa ukoo mwingine. Panya hao wa kahawia walipokua, walipandikizwa ngozi nyeupe ya ukoo ule, nayo ikashika na kuota manyoya. Matokeo yalitoka mwaka 1953. Tusidanganyane, njia hiyo haikuwa tiba. Huwezi kumdunga kila mtoto tumboni ukisubiri siku figo zake zitakapogoma. Lakini ilionyesha kwamba ukuta ule unavukika, na madaktari wakapata sababu ya kuendelea kutafuta dawa za kuutuliza.

Nobel ya 1960 ilikwenda kwa Medawar na Burnet. Billingham na Brent hawakutajwa, ila Medawar aliwagawia fedha zake. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko medali.

Mwaka 1963 alilalamika redioni kwamba makala za kisayansi zinapotosha: zinaandikwa kana kwamba mtafiti alikwenda moja kwa moja, bila kubahatisha wala kupotea. Tunaoandika sura ya nne usiku wa manane tungefaa kuisikia.

Kiharusi kilimpiga mwaka 1969, akisoma ibadani katika kanisa kuu la Exeter. Upande mmoja wa mwili ukalegea, kalamu haikulegea. Mwaka 1986 alitoa kitabu cha maisha yake, ambacho kwenye jina lake alijiita figili anayefikiri. Akafariki mwaka uliofuata.