Alexander Cumming: Fundi wa saa aliyeifungia nje harufu ya choo

MWENYE nyumba aliyejenga choo cha ndani mjini Diff, Wajir Kusini, akaifunga nyumba hiyo wakati wa kiangazi na kusafiri mwezi mzima, asishangae akirejea na kupokewa mlangoni na uvundo wa maji taka. Atashuku kwamba tangi limejaa. Atashuku kwamba bomba limepasuka ardhini, na pengine atamwita fundi aje kuvunja vigae vya bafuni. Ilhali mara nyingi kilichopungua ni maji ya kujaza vikombe vichache tu, na kazi ya maji hayo ilielezwa mwaka 1775 na mtu ambaye riziki yake haikutokana na mabomba. Alikuwa fundi wa saa.

Alexander Cumming alizaliwa Uskoti mwanzoni mwa miaka ya 1730. Katika miaka ya 1750 alikuwa katika utumishi wa Mtawala wa Argyll huko Inveraray, pamoja na nduguye John, akiunda saa na vinanda. Kutoka hapo alihamia London, akafungua duka katika mtaa wa Bond, na haukupita muda mrefu kabla jina lake kuvuma. Mwaka 1763 aliteuliwa miongoni mwa wataalamu wa kuichunguza saa ya John Harrison, ile iliyowawezesha mabaharia kujua mahali walipo baharini. Miaka miwili baadaye alimkabidhi Mfalme George III saa ya ajabu iliyokuwa ikichora yenyewe, juu ya karatasi, jinsi kani ya hewa inavyopanda na kushuka mchana na usiku. Mwaka 1766 alichapisha kitabu kuhusu misingi ya ufundi wa saa.

Mtu wa hadhi hiyo angeweza kuridhika na magurudumu yake madogo ya shaba. Lakini London ya siku zile ilikuwa ikinuka, na matajiri wake walinukiwa zaidi kuliko walivyopenda kukiri. Choo cha kusukumwa kwa maji hakikuwa kitu kigeni kabisa. Sir John Harington, mtoto wa ubatizo wa Malkia Elizabeth I, alikuwa amekieleza chake tangu mwaka 1596. Tatizo ni kwamba bomba lililochukua uchafu kwenda shimoni lilikuwa pia njia ya hewa ya shimoni kurudi chumbani. Kadiri choo kilivyosogezwa karibu na chumba cha kulala, ndivyo uvundo nao ulivyosogea. Baadhi ya vyoo vilikuwa na kizuizi cha maji mbali chini ya bakuli, lakini maji yale yalituama humo yakaoza, kizuizi chenyewe kikawa chanzo kipya cha harufu.

Cumming aliliona tatizo hilo kwa jicho la fundi aliyezoea vitu vidogo. Hataza aliyopewa mwaka 1775, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza nchini Uingereza kwa choo cha kusukumwa kwa maji, ilikuwa na bomba lililopindwa karibu kabisa na bakuli, mithili ya herufi S. Baada ya kila matumizi, maji kidogo hubaki katika mpindo ule na kulijaza bomba upana wake wote. Hewa ya shimoni ikipanda hukuta maji, hurudi ilikotoka. Jambo alilolitilia mkazo zaidi, na ambalo wengi hulisahau, ni kwamba maji ya mpindoni lazima yaondoke yote na kuingia mapya kila choo kinapotumiwa.

Choo chake hakikukosa kasoro. Chini ya bakuli aliweka kifuniko cha kuteleza ambacho hakikuziba sawasawa, na mwaka 1778 Joseph Bramah, seremala aliyekuwa akivifunga vyoo vya namna hiyo majumbani, alipata hataza ya kifuniko bora chenye bawaba. Bramah ndiye aliyeuza kwa wingi. Karne iliyofuata akatokea Thomas Crapper, na leo hii watu wengi humpa Crapper sifa yote, ingawa alizaliwa zaidi ya miaka 20 baada ya Cumming kufariki. Vifuniko vile vya Cumming na Bramah vimekwisha kusahaulika. Mpindo umebaki.

Umebaki pamoja na udhaifu wake. Kinga ya maji katika vyoo na masinki ya leo kwa kawaida ina kina cha sentimita 5 hadi 7 hivi. Katika hewa yenye joto na ukavu kama ya Diff, kina hicho huweza kukauka katika wiki chache, hasa kwenye tundu la sakafuni ambalo halimwagiwi maji mara kwa mara. Ndiyo maana fundi mwangalifu huanza na jagi la maji kabla ya nyundo. Humimina katika kila tundu, lile la pembeni lisilotumika likiwa la kwanza, kisha husubiri. Harufu ikikata, kazi imekwisha. Wapo wanaoongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji ili yasikauke upesi kabla ya safari.

Maji yakitoweka siku hiyo hiyo, au sinki likiguguma choo kinaposukumwa, kosa ni lingine. Maji mengi yanayoteremka kwa kasi huvuta hewa nyuma yake, na pasipokuwa na bomba la kupumulia linalotokeza juu ya paa, huvuta pia maji ya mpindoni. Mafundi wa Uingereza walilielewa jambo hili vyema katika nusu ya pili ya karne ya 19. Na pale maji yalipokuwepo lakini uvundo haukwisha, walipuliza moshi ndani ya mabomba, au wakamimina mafuta ya mnanaa kutoka juu, kisha wakapita chumba hadi chumba wakinusa ufa ulipo.

Bidii hiyo ilitokana na hofu. Mwaka 1871 mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, aliugua homa ya matumbo nusura afe baada ya kulala katika nyumba moja karibu na Scarborough. Mgeni mwenzake, Lodi wa Chesterfield, alifariki. Lawama zilielekezwa kwenye mabomba ya maji taka. Sayansi ilionyesha baadaye kwamba homa hiyo huenezwa na maji na chakula kilichochafuliwa, si na harufu. Hata hivyo hewa ya maji taka si ya kuchezewa: ina gesi ya salfidi hidrojeni, ambayo ikijikusanya ndani ya tangi huua mtu kwa dakika chache. Asishuke humo yeyote kutafuta harufu.

Yapo maeneo ambayo mpindo wa Cumming haukuwa na pa kuanzia. Katika mji wa Wajir, ambako maji ya ardhini yako karibu mno na uso wa ardhi, wakazi walitegemea vyoo vya ndoo kwa miongo mingi kwa kuwa shimo refu hufikia maji ya visima.

Cumming mwenyewe alimalizia siku zake Pentonville, London, alikokuwa hakimu. Mwaka 1783 alikuwa miongoni mwa wanachama waanzilishi wa Chama cha Kifalme cha Edinburgh. Alifariki Machi 8, 1814, na mtaa mmoja wa huko Pentonville una jina lake. Saa aliyomtengenezea mfalme ingali katika hazina ya ufalme wa Uingereza, na saa nyingine ya aina hiyo ilimfaa Luke Howard, yule aliyeyapa mawingu majina, alipokuwa akichunguza hali ya hewa ya London.