Charles Darwin na Mnyama Achimbaye

Je, umepata kumwona fuko? Huenda hujamwona, lakini bila shaka umeona vilima vidogo vya udongo anavyovisukuma juu shambani. Fuko ni mgugunaji, kama panya na nungu. Huishi gizani chini ya ardhi, na macho yake ni madogo mno. Huko Amerika ya Kusini yuko mgugunaji mwingine achimbaye, aitwaye tukotuko. Sasa utasoma juu ya maisha ya Charles Darwin, mtu aliyemchunguza mnyama huyo akajifunza jambo kubwa.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari, 1809, katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Mama yake alifariki Darwin akiwa na umri wa miaka minane. Baba yake, aliyekuwa daktari, alitaka mwanawe naye awe daktari. Lakini siku hizo wagonjwa walipasuliwa bila dawa ya usingizi, na kijana huyo hakuweza kustahimili kuyaona mateso yao. Akayaacha masomo hayo. Alichopenda ni kukusanya wadudu na kuchunguza viumbe.

Mwishoni mwa mwaka 1831, akiwa na umri wa miaka 22, aliondoka kwao kwa merikebu iliyoitwa Beagle. Safari hiyo ilichukua karibu miaka mitano. Mawimbi yalimtapisha mara nyingi, lakini hakuacha kazi yake.

Mwezi wa Oktoba, 1832, Darwin alifika Monte Hermoso, katika pwani ya Argentina. Humo ndani ya udongo mgumu wa genge aliona visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka kuwa kama mawe. Baadhi yake yalikuwa mifupa midogo ya wagugunaji. Mwaka uliofuata, katika nchi ya Uruguay, aliletewa tukotuko walio hai. Mnyama huyo hutoa mlio kutoka chini ya ardhi, na jina lake limetokana na mlio huo. Darwin aliambiwa kwamba wengi wao ni vipofu. Naye alipomchunguza mmoja, alimkuta kipofu kweli.

Fikiri sasa kama alivyofikiri Darwin. Mifupa ile ya kale ilifanana na ya tukotuko aishiye katika sehemu zile zile za dunia. Je, mnyama wa leo hakutokana na wanyama wa jamii ya yule wa kale?

Siku hizo watu wengi waliamini kwamba viumbe havibadiliki kamwe. Darwin alijua kwamba wengi wangekasirika. Kwa hiyo alikusanya ushahidi kwa zaidi ya miaka 20. Kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe kilitoka tarehe 24 Novemba, 1859.

Humo alimtaja tukotuko. Alieleza kwamba macho ya mnyama achimbaye huumia na kuvimba. Kwa hiyo aliyezaliwa na macho madogo, yaliyofunikwa vizuri, hupata nafuu. Huishi na kuzaa watoto wanaomfanana. Baada ya vizazi vingi sana, jamii nzima hubadilika. Hata hivyo, Darwin alidhani pia kwamba kiungo kisichotumiwa hudhoofika, na udhaifu huo hurithiwa na watoto. Leo tunajua kwamba hapo hakuwa sahihi.

Darwin alifariki tarehe 19 Aprili, 1882. Baada yake, wataalamu waligundua karibu na Mar del Plata, Argentina, mashimo ya kale yaliyojaa udongo ukawa mgumu. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya wagugunaji wa jamii ya tukotuko. Wanyama hao walichimba, lakini miili yao haikufaa kwa uchimbaji kama ya tukotuko wa leo. Basi kumbuka: tabia ya kuchimba ilianza kwanza, na mwili ukabadilika polepole kuifuata.

Maswali
1. Kisukuku ni nini?
2. Kwa nini macho madogo humfaa mnyama achimbaye?
3. Kwa nini Darwin alikawia kutoa kitabu chake?
4. Chunguza mnyama achimbaye wa kwenu. Ni viungo gani vinavyomsaidia kuchimba?