Habari za Johann Sebastian Bach, Mwalimu wa Vijana wa Leipzig

Jina la mji wa Leipzig si geni kwetu, kwa maana ndiko walikotoka wamisionari waliofika Uchaga mwaka 1893. Miaka 170 kabla ya safari ile, yaani mwaka 1723, aliingia katika mji huo mtu mmoja pamoja na mkewe na watoto wake, na mizigo yao ikaletwa kwa magari manne. Mtu huyo ni Johann Sebastian Bach. Watu wote wamsifu kwa nyimbo alizotunga, nasi pia twamsifu. Lakini hapa twapenda kueleza kazi aliyoajiriwa kuifanya, ambayo wengi hawaikumbuki. Alikuwa mwalimu wa shule. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana kuimba na kupiga vyombo.

Bach alizaliwa Eisenach mwaka 1685. Baba yake alikuwa mpiga vyombo wa mji. Kabla hajatimiza miaka 11 alifiwa na mama, kisha na baba, akaenda kukaa kwa kaka yake mkubwa huko Ohrdruf, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa. Imesimuliwa ya kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha noti alichokifungia kabatini. Na mtoto alikuwa akikitoa usiku kwa siri na kukinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, muda wa miezi sita, hata kaka akamgundua na kumnyang'anya kazi yote. Mwaka 1700 alipokelewa katika shule ya Lüneburg, apate masomo na chakula kwa sababu ya sauti yake nzuri. Basi alijua tangu ujana maana ya kijana maskini kusoma kwa kuimba.

Kwanza lakini hakuwa mwalimu mwema. Alipokuwa mpiga kinanda wa Arnstadt, mwenye miaka 20, aliona kuwafundisha wanafunzi wa mji ule ni mzigo. Mmoja wao, aliyemzidi umri, alikuwa akipiga zumari kubwa ya sauti ya chini. Bach akamtukana kwa upigaji wake mbaya. Usiku mmoja wa mwaka 1705 yule kijana akamkabili sokoni kwa fimbo, naye Bach akachomoa upanga, wakaamuliwa na wenzao. Wakubwa wa kanisa walimwonya kwamba hana budi kuishi na watu wasio wakamilifu. Neno hilo lilimfuata maisha yake yote.

Tutapita upesi miaka ya Mühlhausen, ya Weimar na ya Köthen, tufike Leipzig. Baraza la mji lilimtaka kwanza Telemann, kisha Graupner. Walipokosekana wote wawili, likamchukua Bach, mwenye miaka 38. Katika Shule ya Mtakatifu Thomas walikaa bwenini wanafunzi kadiri ya 55, wengi wao watoto wa watu wasio na mali, wengine wadogo wa miaka 12 au 13, wengine vijana waliopita 20. Walilishwa na kusomeshwa, nao waliimba katika makanisa manne ya mji, na arusini, na mazikoni. Hata mshahara wa mwalimu wao ulitegemea mazishi kwa sehemu. Mwaka 1730 Bach alimwandikia rafiki yake akilalamika kwamba hewa ya Leipzig ilikuwa njema kupita kiasi, watu hawakufa wa kutosha! Twadhani aliandika huku akicheka kidogo, ingawa hasara yake ilikuwa ya kweli.

Sasa tutazame jinsi alivyofundisha. Hakuwakalisha kusikiliza maelezo marefu. Miaka ile ya kwanza alitunga kantata mpya karibu kila Jumapili. Mistari ya noti ilichorwa kwa kalamu yenye ncha tano. Alipomaliza kuandika, mkewe, watoto wake na wanafunzi waliketi kunakili sauti moja moja, hii ya waimbaji wa juu, hii ya besi, hii ya fidla, hii ya tarumbeta. Kijana aliyenakili kwa mkono wake aliujua wimbo kabla hajafungua kinywa. Jumamosi walijaribu, Jumapili waliimba mbele ya watu. Hivyo ndivyo vijana wa shule walivyoimba Mateso ya Bwana kama yalivyoandikwa na Mathayo, Ijumaa Kuu ya mwaka 1727, kazi ambayo waimbaji wazima wa leo waiogopa.

Waliojifunza kinanda kwake aliwafanyisha kwa miezi mingi mazoezi ya vidole tu, mpaka kila kidole kikawa na nguvu sawa. Akimwona mwanafunzi anakata tamaa, alimtungia pale pale kipande kifupi kizuri ambamo zoezi lile lilifichwa. Mmoja wao, Gerber, alisimulia kwamba mwalimu alimpigia mara tatu kitabu chake kizima cha mwaka 1722, aketi tu na kusikia. Wenzetu makatekista wafundishao kwaya watajua ya kuwa hiyo ni gharama kubwa ya wakati kwa mwalimu mwenye kazi nyingi.

Lakini walikuwako walioona ya kwamba mambo hayo yanaharibu shule. Mwezi wa Agosti 1730 Bach aliliandikia baraza waraka, akawahesabu vijana wake: 17 wanafaa, 20 hawajafaa bado, 17 hawafai kabisa. Alilalamika kwamba wanapokelewa watoto wasio na kipawa, na kwamba wapiga vyombo hawalipwi. Baraza halikumpa alichotaka. Mkuu wa shule Gesner, aliyeingia mwaka huo, alimpenda na kumsaidia. Alipoondoka mwaka 1734 alifuatwa na Ernesti, msomi hodari mwenye miaka 27. Huyu alitaka masomo ya lugha za kale na elimu mpya. Imeandikwa kwamba akimkuta kijana anajizoeza fidla alimdhihaki, akimwuliza kama ataka kuwa mpigaji wa vilabuni.

Mwaka 1736 ugomvi ulilipuka. Kiranja wa kwanza wa waimbaji aliwachapa wadogo kupita kiasi. Ernesti akaamuru achapwe mbele ya shule, naye akatoroka. Ernesti akaweka kiranja mwingine, ambaye Bach alimwona hawezi kuongoza kwaya. Bach akamfukuza kwenye roshani ya waimbaji ibada ikiendelea, mkuu akamrudisha, na vijana hawakujua wamtii nani. Sisi twaona Ernesti alikuwa na haki kuuchukia ukatili wa kiranja. Lakini kuchagua kiongozi wa nyimbo bila kumsikiliza mwalimu wa nyimbo, hilo hatuwezi kulitetea.

Mwaka 1749, Bach akiwa hai bado, mji ulikwisha kumjaribu atakayemrithi. Alipasuliwa macho mara mbili mwaka 1750, akapofuka, akafa tarehe 28 Julai. Mkewe Anna Magdalena alikufa mwaka 1760 akiishi kwa sadaka.

Nyimbo nyingi zilisahauliwa mjini, ila shule iliendelea kuimba baadhi yake. Tangu mwaka 1756 mwalimu alikuwa Doles, aliyepata kufundishwa na Bach mwenyewe. Mwaka 1789 Mozart alipita Leipzig, na Doles akawaimbisha vijana wimbo mmoja wa Bach wa kwaya mbili, wenye maneno ya Zaburi. Aliyekuwa mwanafunzi wa shule hiyo aliandika baadaye kwamba mgeni alishtuka, akaomba kuuona. Hapakuwa na kitabu kizima, zilikuwako karatasi za sauti moja moja tu. Mozart akazitandaza magotini, mikononi na vitini pande zote, asiondoke mpaka amezisoma zote.