Daktari aliyeisubiri nuru kwa dakika 137

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini ualimu umenileta Elwak, Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Kwetu taa za mji zimezifunika nyota. Huku, usiku usio na mwezi, mbingu hujaa hadi ukakosa pa kuanzia kuhesabu.

Mwezi Januari niliwaahidi wanafunzi wangu picha ya nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa takribani miaka ya nuru 1,300. Nilipiga kwa kamera yangu ya kawaida, jumla ya robo saa. Ikatoka chenga tupu. Nikaamini dawa ni kamera ya bei kubwa, na fomu za mkopo wa sacco nilikuwa nimeshazijaza nusu. Kilichonizuia ni maisha ya Henry Draper.

Draper alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1837. Baba yake, profesa wa kemia, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuupiga mwezi picha, mwaka 1840. Henry alimaliza masomo ya udaktari akiwa na umri wa miaka 20, lakini umri wa kupewa shahada ulikuwa haujatimia. Akasafiri Ulaya, na huko Ireland akaiona darubini ya Lord Rosse, kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Alirudi akiwa na hamu ya kutengeneza yake mwenyewe.

Mchana alikuwa daktari na mwalimu wa chuo kikuu mjini New York. Unajimu haukuwa ajira yake. Mwaka 1867 alimwoa Mary Anna Palmer, aliyekuja kuwa msaidizi wake katika kazi za usiku. Mwaka 1872 alipiga picha ya nuru ya nyota Vega ikiwa imetawanywa kwa mche wa kioo, na mistari ya nyota hiyo ikaonekana.

Nebula ilikuwa ngumu zaidi. Vioo vya picha vya zamani vilipakwa dawa mbichi, na vilikauka kabla nuru hafifu haijaacha alama. Vilipopatikana vioo vikavu, Draper alipata njia. Tarehe 30 Septemba 1880 aliiacha darubini yake ya inchi 11 ikiitazama Orioni kwa dakika 51, akapata picha ya kwanza ya nebula. Hakuridhika. Mwaka 1881 alifika dakika 104, na Machi 1882 dakika 137. Muda huo wote darubini ilipaswa kuifuata nyota bila kuteleza. Kila muda ulipoongezeka, sehemu hafifu za wingu zilizidi kujitokeza.

Novemba mwaka huohuo, baada ya safari ya kuwinda milimani kwenye baridi kali, aliugua mapafu akafariki. Alikuwa na miaka 45. Mjane wake hakuacha kazi ile ipotee. Aliifadhili Harvard, na kati ya 1918 na 1924 ikachapishwa orodha ya nyota 225,300 yenye jina la mumewe. Mama huyo alifariki mwaka 1914, hakuiona.

Nilizichana zile fomu. Draper alilazimika kukusanya nuru yote kwenye kioo kimoja. Mimi naweza kuijumlisha. Sasa napiga picha za sekunde tano tano, kisha programu ya bure inazipanga na kuziunganisha. Hesabu yake haina huruma: ukitaka chenga zipungue nusu, ongeza muda mara nne. Na mji wa mpakani si mahali pa kukesha nje, kwa hivyo nilifanya nusu saa kila usiku uani, kwa siku nane. Saa nne, mara 16 ya ile robo saa ya kwanza. Chenga zikabaki robo.

Kamera ni ileile. Wanafunzi waliiona picha, wingu likiwa na mbawa zake pande mbili, na mmoja akauliza kama tukiongeza siku nane nyingine tutaona zaidi. Nilimjibu kwamba tutaona, ila kidogo kidogo. Jioni hiyo alikuja kunisaidia kubeba stendi.