Maisha ya Bwana Dean Mahomed, Mwenye Mkahawa wa Mchuzi

Hapa Mwanhuzi mchuzi wa bizari si kitu cha ajabu. Mtu huingia hotelini akaupata pamoja na wali au chapati. Lakini je, mwamjua Mhindi wa kwanza aliyefungua mkahawa wa chakula cha kwao katika mji wa London? Ni Bwana Dean Mahomed, na napenda kuwasimulia habari zake.

Alizaliwa mwaka 1759 katika mji wa Patna, Bara Hindi. Baba yake alikuwa askari wa Kampuni ya India Mashariki, akafa vitani mtoto angali mdogo. Yule mtoto akamfuata ofisa mmoja, Godfrey Baker, akakulia jeshini mpaka akapata cheo cha subedari. Mwaka 1784 alivuka bahari pamoja na Baker, akafika Cork, Ireland. Huko alijifunza Kiingereza, akamwoa Bibi Jane Daly, na mwaka 1794 akatoa kitabu cha safari zake. Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha Mhindi kupigwa chapa kwa Kiingereza.

Baadaye alihamia London. Mwaka 1810 alifungua mkahawa wake katika mtaa wa George Street. Viti vilikuwa vya mianzi, na ukutani kulitundikwa picha za Bara Hindi. Wateja walikula mchuzi na wali, kisha wakavuta tumbaku kwa kiko cha maji. Chakula kilisifiwa, lakini gharama zilikuwa kubwa, na matajiri waliozoea chakula hicho walikuwa na wapishi wao nyumbani. Basi mwaka 1812 Bwana Mahomed akafilisika. Alikuwa na umri wa miaka 53, ana mke na watoto wa kulisha.

Hakuona haya kuanza tena chini. Alitangaza gazetini kwamba anatafuta kazi ya utumishi nyumbani mwa watu. Kisha akaenda Brighton, mji wa pwani, akafungua nyumba ya bafu ya mvuke na kukanda mwili. Mwanzoni watu walisitasita, lakini wagonjwa walipoona nafuu sifa zake zilienea. Wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne, walimfanya mkandaji wao. Alifariki mwaka 1851.

Mwaka 2005 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa mahali pa mkahawa wake. Leo mikahawa ya namna ile iko kwa maelfu Uingereza.

Ndugu zangu wa kidato cha nne, mtihani wa taifa unakaribia. Usiku bwenini twasikia wenzetu wakisema kuwa anayeanguka amekwisha. Mimi pia nilikuwa na hofu hiyo. Lakini Bwana Mahomed alianguka akiwa mtu mzima, mbele ya mji mzima, akainuka. Basi tusome kwa bidii, na atakayeanguka asijifiche.