Baden-Powell wa Nyeri: Furaha Isibaki Nje ya Mlango



Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, maskauti hufika Nyeri kuzuru kaburi linaloelekea Mlima Kenya. Wanamjua aliyelala pale, Robert Baden-Powell, kuwa mwanzilishi wa skauti. Leo tumtazame kama mume na baba.

Alizaliwa London mwaka 1857. Alipokuwa na miaka 3 baba yake alifariki, mama akabaki kulea watoto peke yake. Shuleni Robert alipenda kuigiza, kuimba, na kupiga piano na fidla. Ujeshini hakuyaacha hayo. Mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa kwa siku 217 mwaka 1899 hadi 1900, yeye akiwa kamanda alipanda jukwaani siku za Jumapili kuwaimbia na kuwachekesha watu. Tusifiche lakini kwamba alikuwa askari wa dola ya kikoloni, na kwamba katika mji ule Waafrika ndio walioumia zaidi kwa njaa. Mwaka 1907, katika kambi yake ya kwanza ya wavulana kisiwani Brownsea, Uingereza, aliwafundisha kuimba na kusimuliana hadithi wakiota moto usiku.

Mtu huyu aliyefurahisha wengi alikuwa bado hajaoa. Januari 1912, melini, alikutana na Olave Soames. Wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, ila Robert alimzidi Olave miaka 32. Walifunga ndoa tarehe 30 Oktoba mwaka uleule, bila shamrashamra. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, akazaliwa Peter. Heather akafuata mwaka 1915, na Betty mwaka 1917. Dada yake Olave alipofariki mwaka 1919, waliwachukua binti zake watatu wakawalea pamoja na wao.

Nyumba yao ya Uingereza waliiita Pax Hill. Pax ni neno la Kilatini, maana yake amani. Olave hakuwa mtazamaji wa kazi ya mumewe. Aliingia katika uongozi wa Girl Guides, na mwaka 1930 akawa kiongozi wao wa dunia nzima. Walisafiri pamoja nchi nyingi. Jambo hilo liliwaunganisha wao wawili, lakini mara nyingi liliwatenga na watoto. Hakuna nyumba isiyo na upungufu wake.

Mwaka 1938, mzee akiwa amechoka na moyo ukimsumbua, walihamia Nyeri. Walijenga nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli ya Outspan, wakaiita Paxtu, yaani Pax ya pili, na pia Pax ya watu wawili. Mzee alichora wanyama na mandhari ya Kenya, akaandika vitabu, huku mkewe akimtunza. Alifariki tarehe 8 Januari 1941. Katika barua aliyowaachia maskauti aliwakumbusha kwamba furaha ya kweli hupatikana kwa kuwafurahisha wengine. Olave aliishi miaka 36 zaidi. Alipofariki mwaka 1977, majivu yake yaliletwa Nyeri na kuwekwa katika kaburi la mumewe.

Ndugu msomaji, katika miji yetu, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Embu, wako akina baba hodari wa kuimba kwaya na kuwachekesha wenzao hotelini. Wakifika nyumbani, nyuso hukunjamana. Watoto hutawanyika, mama hunyamaza, chakula huliwa kimya. Wako pia akina mama wanaochangamka kwenye chama, lakini mume hupata majibu ya mkato tu. Wimbo hauhitaji fedha, wala utani mwema hauhitaji nyumba kubwa. Aliyejaliwa kipaji cha kufurahisha watu aanze na wale wanaokula naye chungu kimoja, maana uzee ukifika, umati hutawanyika na wawili hubaki.

Maswali ya kuzungumza mume na mke:

1. Ni lini mara ya mwisho tuliimba au kucheka pamoja na watoto wetu?
2. Je, kazi na vikundi vyetu vinatuunganisha, au vinawanyima watoto wazazi wao?
3. Tukibaki wawili tu, nyumba yetu itastahili kuitwa nyumba ya amani?