Monteverdi: Mtunzi aliyechoka kubembeleza mshahara

Claudio Monteverdi alibatizwa Mei 15, 1567 mjini Cremona, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Baldassare, aliuza dawa na kutibu majeraha. Mtoto alikuwa na miaka 15 tu kitabu chake cha kwanza cha nyimbo kilipochapishwa Venice.

Italia ya wakati huo haikuwa nchi moja. Kila mji mkubwa ulikuwa na mtawala wake, sarafu yake na ushuru wake, na safari ya siku chache ilivuka mipaka, kama ile ya mtu wa Mulanda anayekwenda kutafuta bidhaa Busia ya upande wa Kenya. Fundi wa muziki naye alifuata mnunuzi alipo. Monteverdi alimpata wake Mantua, kwa Vincenzo Gonzaga, mtawala aliyependa fahari kuliko kulipa madeni. Aliingia pale yapata mwaka 1590 akipiga fidla, na 1601 akawa mkuu wa muziki wa jumba zima.

Waimbaji wa kwaya wataelewa upesi alichokifanya. Muziki wa karne ya 16 ulisukwa kwa sauti nyingi chini ya kanuni kali: sauti zinazogongana zilipaswa kutayarishwa kwanza, kisha zitulizwe. Monteverdi aliziacha zigongane ghafla pale maneno yalipotaja uchungu. Mwaka 1600 mwanazuoni wa kanisa kutoka Bologna, Giovanni Maria Artusi, alichapisha kitabu cha kuukosoa utunzi huo, bila hata kumtaja jina mwenyewe. Monteverdi alijibu kwa ufupi 1605, na miaka miwili baadaye mdogo wake, Giulio Cesare, akafafanua: njia ya zamani huweka muziki juu ya maneno, njia mpya huyafanya maneno kuwa bwana. Artusi alijua kanuni zake vizuri; alichokosa ni sikio la kusikia kilio ndani ya wimbo.

Februari 1607 Mantua iliona L'Orfeo, mchezo wa jukwaani ambao wahusika wake huimba badala ya kusema. Florence ilikuwa imejaribu jambo hilo miaka michache kabla, lakini Monteverdi alileta vinanda, fidla, tarumbeta na tromboni, kila ala kwa kazi yake: tromboni kwa kuzimu, fidla na filimbi kwa malisho ya wachungaji.

Septemba mwaka huohuo mke wake Claudia, mwimbaji wa jumba lile, alifariki na kumwachia watoto wadogo. Kabla machozi hayajakauka aliitwa kutunga muziki wa harusi ya mwana wa mtawala. Msichana aliyepangiwa kuimba nafasi kuu, Caterina Martinelli, ambaye alikuwa ameishi nyumbani kwa mtunzi, akafa kwa ndui kabla ya siku yenyewe. Opera hiyo, L'Arianna, imepotea. Kimebaki kilio chake tu.

Vincenzo alifariki 1612 na mrithi wake akamfukuza kazi Monteverdi. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliondoka na skudi 25 baada ya miaka zaidi ya 20.

Mwaka uliofuata kanisa la Mtakatifu Marko huko Venice lilimwajiri kwa dukati 300 kwa mwaka, zikafika 400 mwaka 1616. Akiwa njiani kuhamia huko, majambazi wenye silaha walimvamia na kumpora fedha na mali. Venice, hata hivyo, ulikuwa mji wa wafanyabiashara, na wafanyabiashara wanajua thamani ya kulipa kwa wakati. Mwaka 1620 Mantua ilipomtaka arudi, alikataa kwa barua ndefu: Venice mshahara humfuata hadi nyumbani; kule alilazimika kumwendea mtunza hazina na kumbembeleza ampe haki yake.

Kukataa huko kulimwokoa. Julai 1630 majeshi yaliteka na kupora Mantua, na kazi zake nyingi zilizohifadhiwa huko hazikuonekana tena. Tauni iliifikia Venice pia na kuua takriban theluthi moja ya wakazi. Yeye alipona, akapata daraja ya upadri 1632.

Kisha biashara ikabadilika. Mwaka 1637 ukumbi wa San Cassiano ulifunguliwa Venice kwa yeyote mwenye nauli ya mlangoni; opera haikuwa tena mali ya watawala peke yao. Mzee wa miaka 70 na ushei aliingia soko hilo jipya akashindana na vijana. Il ritorno d'Ulisse ilichezwa 1640, na L'incoronazione di Poppea 1643, hadithi ya mwanamke anayepanda hadi kiti cha enzi kwa hila, na hakuna anayemwadhibu.

Alifariki Venice Novemba 29, 1643, akazikwa katika kanisa la Frari.